Ukuta wa Mama Nusu

Nyumba nyingine hujulikana kwa namba, nyingine kwa geti lake. Ile ya fundi cherehani ilijulikana kwa ukuta wa sebuleni. Ukienda kupimwa gauni, kabla hujavua viatu unauona: kutoka dirishani hadi katikati ni buluu, buluu nzito ya sare za shule, na kutoka katikati hadi mlango wa chumbani ni chokaa tupu. Mpaka wenyewe haukunyooka. Ulikuwa na meno meno kama kitambaa kilichochanwa kwa mkono, na mahali pamoja brashi ilipanda juu kidogo kisha ikakatika, kama mtu aliyeanza kusema neno akaitwa nje.

Kwa ajili hiyo mtaa ulimwita Mama Nusu. Mwanzoni walimsema wakishakata kona. Baadaye wakasema watoto, na watoto hawajui kukata kona. Mwisho mwenyewe akaliandika jina hilo kwenye kibao cha kazi: MAMA NUSU, SARE NA MAPAZIA. Wateja walicheka, kazi ikaongezeka. Kulizoea hakulizoea.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mumewe alikuwa fundi rangi, kazi yake kupaka nyumba za watu. Asubuhi moja, binti yao akiwa bado tumboni, aliamua kuipaka na ya kwake. Akatoa makochi nje, akatandika magunia sakafuni, akaanza buluu. Alipofika katikati ya ukuta akashuka kwenye ngazi, akachungulia debe, akasema, "Rangi imekata. Naenda dukani mara moja." Akavaa kofia. Mara moja hiyo, mtoto alizaliwa, akatambaa, akasoma, akaajiriwa hospitali ya wilaya, na baba yake alikuwa bado hajatoka dukani.

Sasa alikuwa amerudi. Ana mvi, kikohozi na begi moja. Hakuwa na uso wa kuja peke yake, kwa hiyo aliletwa na dada yake, wifi yake Mama Nusu, mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo akimwona Mama Nusu sokoni alikuwa ghafla anakumbuka shughuli upande wa pili wa barabara.

"Wifi," alisema, amekwisha kukaa kwenye kiti cha wateja, "mtu akirudi amerudi. Tusichimbue."

Mama Nusu alikuwa anashona upindo wa sketi. Mguu haukusimama kwenye cherehani. "Nani anachimba? Mimi nashona."

"Amezeeka. Unataka afie barabarani?"

"Barabarani anapajua kuliko hapa."

Mwanamume mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, anautazama ukuta. Alisogea akaugusa ule mpaka wa meno kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepapasa kovu la mwenzake.

"Hukuumalizia," alisema.

"Kazi ilikuwa ya kwangu?"

Watu walidhani Mama Nusu aliuacha ule ukuta kwa mapenzi. Wapo waliosema mbele yake kwamba mke wa namna hiyo hapatikani tena, anamtunzia mume alama. Yeye aliendelea kushona, sindano zikiwa mdomoni. Mafundi walijitolea kuumaliza, mmoja hata bure, akakataa. Binti alipopata kazi alileta rangi kwa pesa ya mshahara wake wa kwanza, akakataa, wakanuniana wiki nzima. Hayakuwa mapenzi. Alitaka siku mtu huyo akirudi akute kila kitu kama alivyokiacha, asipate pa kusemea kwamba hayakuwa makubwa. Ukuta ule ulikuwa shahidi wake, na shahidi humpaki rangi kabla ya kesi.

Akakata uzi kwa meno. "Haya. Aumalize. Atalala kibarazani, chakula atapata. Siku ukuta utakapokwisha nitasema kama anakaa au anakwenda. Wifi, umesikia, usije ukasema hukusikia."

"Nimesikia," alisema wifi. "Ukuta wenyewe mdogo huu, ni kazi ya asubuhi moja."

"Ndivyo na yeye alivyoniambia."

*

Tatizo likawa rangi. Mumewe alitaka buluu ile ile.

"Tuendelee pale tulipoachia," alisema.

"Tulipoachia nani? Wewe uliachia. Mimi niliendelea." Mama Nusu alitaka manjano, tena si ile ya kuogopa, manjano ya kiini cha yai.

Basi wakalinganisha. Fundi hakukubali kupaka vipande viwili ukutani bega kwa bega. Alisema rangi zikikaa karibu hudanganyana: buluu itaifanya manjano ipige kelele, na manjano itaifanya buluu ionekane imefiwa. Akachukua mbao mbili, akapaka kila moja rangi yake, akazisubiri zikauke kabisa, maana rangi mbichi haisemi ukweli. Kisha akawa anazihamisha. Leo buluu iko karibu na dirisha na manjano nyuma ya mlango, kesho kinyume chake. Asubuhi anamwita mke wake aje atazame, jioni taa ikiwashwa anamwita tena.

"Angalia hii," alisema, amebeba ubao wa buluu kifuani. "Chumba hiki chembamba. Buluu inasukuma ukuta kule nyuma. Unapata nafasi, unapumua."

"Nafasi ninayo. Nimekuwa na nafasi hapa mpaka imenichosha."

"Na ile manjano inauleta ukuta karibu. Utajiona umo ndani ya kiberiti."

"Jioni buluu yako inakuwa kama jivu."

"Kwa sababu ya taa. Badilisha taa."

"Nyumba nzima ikufuate wewe."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Mama Nusu alijikuta karibu acheke pia, akainama kuokota pini ambayo haikuanguka. Hilo ndilo lililomuudhi. Mtu yule alikuwa bado anachekesha. Alikuwa bado anajua kusimama na ubao kifuani kama picha ya kitambulisho, bado anapiga mluzi akipiga msasa, na asubuhi alikuwa amekwisha kufagia uwanja kabla mtu hajaamka. Majirani wakaanza kumwita shemeji, baba, mzee wetu. Mama Nusu peke yake alimwita fundi.

Binti alikuwa akirudi kutoka zamu, miguu imevimba, anapita kati ya zile mbao mbili kama mtu anayepita kwenye msiba wa wengine.

"Mama, utachagua lini?"

"Nalinganisha."

"Unalinganisha rangi au unalinganisha nini? Mtu mwenyewe kumbe anakaa bila wewe kusema anakaa."

Na kweli. Zile mbao zilikuwa zimekuwa kama kibali cha kuishi. Fundi hakuwa na haraka, na yeye Mama Nusu, akijiuliza usiku kitandani, hakuona kwamba alikuwa na haraka kuliko yeye.

Jambo moja alilijua ambalo hakumwambia mtu.

Ile siku ya kwanza, mumewe alipochelewa kurudi kutoka dukani, aliikuta brashi imeoshwa safi, nywele zake zimechanwa, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Wakati ule alikuwa mgeni wa ndoa. Aliona ni usafi tu. Hata wenzake waliokuja kumpa pole aliwaonyesha: mnaona mume wangu alivyo nadhifu, lazima kapatwa na jambo njiani. Akazunguka hospitali, akazunguka vituo vya polisi, tumbo limemtangulia. Baadaye, mtoto akiwa mgongoni, alipata kazi ya kushona mapazia kwenye ofisi moja iliyokuwa inapakwa rangi. Saa ya kula ilipofika mafundi wote walizisokota brashi zao ndani ya matambara yaliyoloweshwa maji, wakaziacha juu ya makopo, wakaondoka. Akawauliza, hamzioshi? Mmoja akamcheka. "Tunarudi sasa hivi, dada. Brashi unaiosha siku ya kuhama."

Alimaliza pazia alilokuwa nalo mkononi. Hakushona vibaya hata kidogo. Lakini aliporudi nyumbani siku hiyo aliacha kusubiri, akaanza kutunza shahidi.

Sasa jioni moja, wanakula, binti akamuuliza mzee usoni: "Hivi, siku ile ulikuwa unaenda wapi?"

Fundi aliweka kijiko chini. "Dukani, mwanangu. Haki ya Mungu, dukani. Nikakuta pamefungwa. Pale nje kuna lori, dereva ananifahamu, akasema kuna kazi ya hoteli mji wa pili, siku chache tu. Nikasema nikirudi nitarudi na rangi na pesa. Ile kazi ikazaa nyingine. Halafu ikawa aibu. Aibu ni kitu kibaya, mwanangu, kila siku inazidi. Lakini siku ile nilitoka hapa nikijua narudi mchana kula."

Binti alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anachambua mchele uliokwisha kupikwa.

"Kula," alisema Mama Nusu. "Kinapoa."

*

Alichagua manjano asubuhi moja bila kutazama ubao wowote. "Ukuta wote," alisema. "Hata ile buluu ifunike."

Fundi aliugeukia upande wa buluu. "Wote?"

"Umesikia."

Hakubishana. Akaanza papo hapo, na akaanza vibaya. Buluu nzito haifunikwi na manjano hivi hivi, lazima kwanza uizimishe kwa mkono mmoja, tabaka moja, wa rangi nyeupe. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini alikuwa na haraka sasa, haraka ya mtu aliyeona mlango umefunguka kidogo, akaruka. Upande wa chokaa manjano ikakaa vizuri, ikang'aa, chumba kikachangamka. Upande wa buluu ikaanza kutoka kijani, kijani mbaya, kama maji ya bwawa. Akaongeza mkono wa pili. Bado. Akaongeza wa tatu, buluu inakunywa tu, na alipofika nusu ya ile nusu akashuka kwenye ngazi, akachungulia debe.

Binti alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kazini. Mkono wake ulisimama kwenye kamba.

"Rangi imekata," alisema fundi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akijifuta mikono. Kisha na yeye mwenyewe akalisikia neno lake. Mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kwenye kofia.

"Weka kofia," alisema Mama Nusu. "Nitakwenda mimi."

"Kopo zito, mama," alisema fundi.

"Nimebeba mazito zaidi ya hilo. Wewe kaa hapa, usubiri."

Akatoka alivyo, na futi yake ya kupimia shingoni.

Duka la rangi halikuwa mbali. Muuzaji alimchanganyia, akalipigapiga kopo, akamfungia waya wa kushikia. Yote hayo yalikwisha upesi mno. Mama Nusu akasimama nje na kopo lake. Kushoto ni nyumbani. Akaenda kulia.

Hakuwa amepanga. Au alikuwa amepanga tangu aliposema nitakwenda mimi, nani ajuaye. Alitaka mtu yule aketi kwenye chumba kilichokatika katikati, asikilize kila hatua inayopita nje, ajue kidogo. Nusu saa tu, alijiambia. Akapita mtaa wa maseremala, wanaume wanabishana juu ya mguu wa meza. Akapita mtaa mwingine ambao hakuwahi kuupita bila fundo la nguo kichwani. Akaketi kwenye benchi nje ya kinyozi, akaagiza chai kwa jirani wa kinyozi, akainywa ikiwa ya moto, jambo ambalo nyumbani hutokea mara chache. Kinyozi alimwuliza kama anasubiri mtu.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye ninayesubiriwa."

"Basi una bahati, mama."

Walicheka. Akaendelea. Upepo ulikuwa mzuri. Kulikuwa na watu wanashusha magodoro kwenye gari, moja likawaponyoka, likaviringika mpaka kwenye dimbwi, mtaa mzima ukatoa ushauri. Mama Nusu akasimama akaangalia mpaka mwisho, akatoa na yeye ushauri wake. Miguu ilikuwa myepesi. Kopo halikuwa zito hata kidogo. Jua lilipoanza kulala upande mmoja wa barabara ndipo alipojishika futi shingoni, akakumbuka kwamba ana nyumba.

Alisimama pale pale.

Hakuwa amemfikiria. Alikuwa ametoka kumtesa mtu, na tangu kona ya pili hakuwa amemfikiria, wala ukuta, wala binti, wala sketi za watu zilizolala mezani. Na ilikuwa tamu. Miaka yote hiyo, hata alipomlaani, alikuwa amempa mateso fulani: alimwona amelala chumba cha kukodi, macho juu ya dari, anawaza mtoto wake ana umbo gani. Alimpa aibu ile aliyoisema mezani, akamwongezea na nyingine. Alimshonea joho zima la majuto, akalipiga na pasi. Kumbe inatosha kukata kona mbili. Kumbe mtu anakunywa chai yake ya moto, anaangalia godoro linaviringika.

Akarudi nyumbani. Sasa kopo lilikuwa zito.

*

Mlango ulikuwa umerudishiwa bila kufungwa. Ndani hapakuwa na mtu. Begi lilikuwa kibarazani, ngazi imesimama pale pale. Jirani wa upande wa pili alichungulia dirishani kwake.

"Shemeji kaenda kukutafuta. Masikini, katoka hapa nje hata sijui mara ngapi, anatazama huku, anatazama kule. Mwisho akasema isije ikawa umeanguka na kopo."

"Ahsante," alisema Mama Nusu.

Akaingia. Juu ya debe tupu kulikuwa na brashi. Ilikuwa imesokotwa ndani ya tambara, na tambara lilikuwa limeloweshwa. Akaligusa. Maji yalikuwa mapya. Kabla hajatoka alikuwa ameliongeza maji, ili isikauke, ili akirudi aendelee.

Kwa hiyo fundi alijua tofauti. Safari hii alikuwa na nia ya kurudi, na mtu mwenye nia ya kurudi hufanya hivi. Mikono yake ilifanya bila kuambiwa, kama ilivyoiosha na kuitundika siku ile.

Kama angeikuta imeoshwa, ingekuwa rahisi. Angecheka, angemwita jirani, wangekaa waseme mabaya mpaka jioni. Lile tambara bichi ndilo lililomkalisha kwenye kiti cha wateja, nalo mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye gauni.

Halafu akasimama, akaenda bombani.

Aliiosha vizuri. Maji yalitoka manjano, yakatoka ya limau, yakatoka meupe, akaendelea mpaka yakatoka maji. Akazichana nywele kwa kitana cha kuchania nyuzi, akaikung'uta. Kisha akachukua begi, akaliweka nje ya mlango. Ngazi akaiegemeza ukutani, nje. Akapigilia msumari mmoja kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, usawa wa macho ya mwanamume, akaitundika brashi. Akaingia, akafunga kwa komeo.

Hatua zilikuja muda si mrefu, za haraka, na kikohozi. "Mama," alianza kuita tangu uwanjani, "mama, ulikuwa wapi, nimezunguka mpaka..." Zikafika mlangoni. Zikasimama.

Alisikia msumari ukilia kidogo, brashi ilipotolewa. Cherehani ilikuwa mbele yake, hakuigusa.

"Tangu lini unajua?" sauti ilisema nyuma ya mlango. Haikuwa sauti ile ya mbao mbili.

"Tangu mtoto alipoota jino la kwanza."

"Na ukaniacha niseme yote yale. Mezani."

"Ulisema vizuri."

Kisha, chini kabisa: "Leo niliifunga kwenye tambara."

"Nimeona."

"Uliona?"

"Niliikuta mbichi. Nenda, fundi. Kazi imekwisha."

"Ukuta haujaisha," alisema, karibu kwa kusihi. "Upande wa buluu bado."

"Ukuta nitajua mwenyewe."

Alikaa pale muda ambao ungetosha kupiga mlango, au kulia, au kuita majirani waje kusuluhisha. Hakufanya hata kimoja. Alibeba ngazi yake. Aliijua lugha ile ya brashi, ilikuwa yake, na aliyemjibu alikuwa ameisema bila kosa.

Binti alipotoka zamu alimkuta mama yake amepanda juu ya kiti. Kopo jipya lilikuwa wazi. Brashi nyumba ile haikuwa nayo tena, kwa hiyo alikuwa amechukua mabaki ya kitambaa cha sketi, ameyakunja donge, anachovya na kusugua ukutani, manjano ikimteremka mpaka kwenye kiwiko.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda."

"Dukani?"

Mama Nusu alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku nyingi alicheka kweli, kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote ndani yake. "Chukua kitambaa," alisema. "Anzia pale chini."

Binti alivua viatu, akachukua kitambaa. Walisugua. Walipofika dirishani walirudi nyuma hadi mlango wa chumbani, bega kwa bega, wakatazama. Upande mmoja ulikuwa manjano, kiini cha yai hasa, kama alivyotaka. Upande wa pili buluu ilikuwa bado inajitokeza.